Siku moja maishani mwangu: asubuhi niliyoachiwa kigari cha bánh mì

Leo ni tarehe 15 ya mwezi mwandamo. Hapa Saigon, Vietnam, siku ya mwezi mpevu Wabudha wengi hawagusi nyama, na mama mkwe wangu huenda hekaluni mapema. Jana usiku aliniambia bila kuniangalia, huku akifunika sufuria: "Con, kesho utasimama wewe." Con maana yake "mwanangu". Nimeishi na mama mkwe miaka mitatu tangu nitoke Masasi, nimekata karoti na kufunga mikate mpaka mikono imezoea, lakini saa zile ambazo watu wamejaa sikuwahi kuachiwa peke yangu kigari chake cha bánh mì, mkate unaojazwa nyama na mboga.

Saa 10 alfajiri nimeshaamka. Mume wangu bado amelala, kazi yake ya minara ya simu huanza baadaye, na ni kazi hiyohiyo iliyomleta kusini mwa Tanzania tukaonana. Nawasha mkaa kwanza, maana mkaa hauharakishwi. Kisha nachuja karoti na figili nyeupe nilizozikata jana nyembamba kama njiti, zikalala kwenye siki, sukari na chumvi. Wenyewe wanaita đồ chua. Sisi tungesema ni achari, na hatungekosea. Nakata matango kwa urefu, naosha giligilani, nachanja pilipili. Soseji yao, chả lụa, tayari ipo: nyama ya nguruwe iliyotwangwa hadi ikawa laini, ikafungwa kwenye jani la mgomba na kuchemshwa. Ukifungua jani, harufu yake inanirudisha nyumbani kabisa, ingawa nyumbani sijawahi kuona kitimoto kikipikwa hivyo.

Saa 11 na dakika 10 mkate unafika. Kijana wa tanuri anakuja na pikipiki, kapu kubwa nyuma, mikate 120 imefunikwa kwa kitambaa. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wengi wakisikia habari za chakula hiki wanauliza nyama gani imo, na swali la kwanza lilipaswa kuwa mkate. Ni mfupi, shibiri moja na ushee, mnene katikati, umechanwa mgongoni kwa wembe kabla ya kuingia motoni. Ndani ni mwepesi kama pamba. Ganda ni jembamba sana, na ukilibonyeza linalia. Tanuri hujazwa mvuke mwanzoni ndipo ganda hilo lipatikane, lakini hewa ya Saigon ni ya unyevu, hivyo baada ya saa chache mkate unanywea na kuwa kama mpira. Mama mkwe husema mkate wa alfajiri na mkate wa saa nne ni ndugu wasiofanana. Ndiyo maana kigari chetu kina jiko la mkaa chini ya kabati la vioo, na kila mkate unapashwa moto kabla ya kujazwa. Kila mkate. Hilo ndilo sharti lake kubwa.

Jina lenyewe, bánh mì, ni mkate wa ngano tu. Ukitaka mtupu unasema bánh mì không, mkate bila kitu. Hii ni nchi ya mpunga, ngano inaagizwa kutoka nje. Wafaransa ndio walioleta mkate huu katika karne ya 19, na zamani uliitwa bánh tây, mkate wa Kizungu. Waliokuwa na uwezo waliula sahanini, nyama pembeni, siagi pembeni, kisu na uma. Mwaka 1954 nchi ikagawanywa, na watu wengi wa kaskazini wakahamia kusini. Miongoni mwao walikuwa Lê Minh Ngọc na mkewe Nguyễn Thị Tịnh, ambao mwaka 1958 walifungua duka la Hòa Mã hapa Saigon. Linatajwa kuwa kati ya maduka ya kwanza kuchukua vile vya sahanini na kuvitia ndani ya mkate, ili mtu wa kazini ale akiwa njiani. Duka hilo lipo mpaka leo, mtaa wa Cao Thắng, na asubuhi wateja hukaa kwenye viti vidogo vya plastiki kando ya ukuta wa kichochoro. Mimi naona huo ndio ubunifu wenyewe: mkate wa watu wa mezani kuwa mkate wa mtu anayekimbilia kazini.

Saa 12 kamili mama mkwe anavaa vazi lake la kijivu la hekaluni. Ananionyesha kisu chenye mpini wa kijani na sufuria ndogo: hivyo ni vya chay, chakula kisicho na nyama, visiguse kitu kingine. Ndani ya sufuria kuna tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyokaangwa na mchaichai. Pembeni kuna pate, rojo zito la kupaka kwenye mkate, hii ikiwa ya choroko na uyoga. Mteja wa chay hawekewi mayonezi, maana ina kiini cha yai, wala majani ya kitunguu, kwani wanaoshika mfungo wao vizuri hawali kitunguu wala kitunguu saumu. Anawasha pikipiki, anaondoka.

Kisha wakaja.

Wateja wetu hawashuki kwenye pikipiki. Wanasimama ukingoni mwa barabara, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma, wanataja wanachotaka na kutazama saa. Wasichana wa sekondari wamevaa áo dài nyeupe kwa sababu ni Jumatatu, wamekunja ncha za gauni wasizichafue. Kila mtu anauliza, "Cô Tư yuko wapi?" Mama mkwe ni mtoto wa tatu kwao, lakini kusini hapa mtoto wa kwanza huitwa wa Pili, kwa hiyo yeye ni shangazi wa Nne. Nawajibu yuko hekaluni, na mikono haisimami.

Mpangilio ni huu, nao haubadiliki. Chukua mkate, uweke juu ya mkaa, geuza. Pasua ubavuni, usitenganishe. Pate ya maini upande mmoja, mayonezi upande wa pili, mpaka pembeni kabisa, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya achari yasilowanishe mkate. Nyama chini. Tango. Achari uliyoikamua kwa vidole. Giligilani, kitunguu cha majani, pilipili, matone ya sosi ya soya. Funga kwa karatasi, zungushia mpira. Elfu 20 za dong, chini ya dola moja. Anayetaka yai anasema ốp la, neno walilolipata kwa Wafaransa, nami namkaangia mawili. (Ndugu zangu msiokula nguruwe: wa yai, wa samaki wa kusaga aliyekaangwa, na wa chay ndio wenu. Sema mapema, ili pate isipakwe.)

Saa 1 kasorobo foleni imekuwa ya pikipiki kumi. Jiko letu linapokea mikate mitatu tu kwa wakati mmoja. Mmoja anapiga honi. Mwingine anasema atachelewa kazini. Hapo nikafanya nililolifanya: nikauchukua mkate kapuni, nikaupasua na kuujaza bila kuupitisha motoni. Ukaenda. Nikafanya tena. Foleni ikapungua, nikajiona nimeiweza kazi.

Wa sita alikuwa mzee mmoja wa kichochoroni kwetu, mwalimu mstaafu, ambaye hutembea kwa miguu na kununua mmoja kila siku. Namwita ông, babu. Aliupokea, akaubonyeza kidogo ndani ya karatasi, karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi. Haukulia. Hakusema neno. Akaufungua taratibu, akauweka juu ya mkaa yeye mwenyewe, nyama zikiwa ndani, akasubiri. Pikipiki zote nyuma yake zikasubiri. Kisha akaubonyeza tena, ukalia, akaniinamishia kichwa na kwenda zake.

Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko jiko. Baada ya hapo kila mkate ulipita motoni, na aliyepiga honi alipiga.

Saa 3 watu wanapungua. Nakunywa kahawa ya barafu yenye maziwa mazito, nakula wangu wa tofu, kwa heshima ya siku. Uko vizuri sana, mchaichai unashindana na pilipili. Saa 3 na nusu mama mkwe anarudi, ananukia ubani. Anaangalia kapu: imebaki mikate saba. Haulizi tumeuza kiasi gani. Anauliza, "Ulipasha yote?"

"Sita sikupasha, má."

Akanyamaza. Akakunja mwavuli wa kigari, tukasukuma nyumbani.

Mchana unapita haraka. Yeye anaenda soko la Bà Chiểu, mimi nafua na kulala kidogo. Saa 9 mvua inashuka kama ilivyo kila siku msimu huu, kichochoro kinajaa maji hadi kwenye kifundo cha mguu, kisha kinakauka kana kwamba hakikunyeshewa. Nampigia mama Masasi. Kwao ni saa 5 asubuhi, yuko kwenye mikorosho anafyeka. Korosho zetu ghafi husafirishwa mpaka huku Vietnam kubanguliwa, na kila nikiziona sokoni nafikiria mikono yake. Nikamsimulia habari ya yule mzee. Akauliza tu: "Na mkaa huko mnauziwa shilingi ngapi?"

Saa 11 jioni tunapika pate ya kesho. Maini yanakaangwa na mafuta ya nguruwe, vitunguu maji vidogo na pilipili manga. Ile mikate saba iliyobaki naichana kwa mikono na kuiloweka kwenye maziwa, kisha tunaisaga pamoja na maini. Ndiyo inayoipa pate ulaini wake. Mchanganyiko unamiminwa kwenye chombo kilichotandazwa vipande vya mafuta, unafunikwa, unapikwa kwa mvuke saa nzima na zaidi.

Wakati nakoroga, mama mkwe akatoka nje kwenye pikipiki na kurudi na kitu kimefungwa gazeti. Akakiweka sakafuni mbele yangu. Jiko la mkaa, dogo, la udongo, jipya.

"La kushoto langu," akasema. "La kulia lako. Kesho uliwashe saa kumi."