Nilivyoiona galaksi ya NGC 253 kwa darubini ya kuazima

Mara tatu niliitafuta galaksi hii, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali nasi, nikaikosa, kwa sababu nilikuwa nikiitafuta ile picha ya mtandaoni, yenye rangi na mikono iliyojisokota. Kwa macho haiko hivyo hata kidogo.

Oktoba, kabla vuli haijaanza, nilitoka Moshi mjini nikaenda kulala kwa bibi, Kahe, ambako usiku ni giza kweli. Kaka yangu anaongoza watalii. Aliniazima darubini yake ya kuangalizia wanyama, inayokuza mara 10, yenye vioo vya milimita 50. Nikatandika mkeka uani, tochi ya simu nikaifunga kitambaa chekundu, nikakaa nusu saa bila kuona mwanga mwingine wowote. Hilo usilipuuze. Macho yakishazoea giza, anga huwa jingine kabisa.

Saa nne usiku nikageukia kusini. Kwanza nyota ya Fomalhaut, kisha kushoto kwake Diphda, nyota kali iliyo peke yake. Kutoka hapo nikaisogeza darubini kusini digrii 7 hivi. Mikono ilitetemeka, nyota zikawa zinacheza kila moyo unapopiga, basi nikalala chali na kukita viwiko mbavuni. Nikaacha kukodoa, nikatazama pembeni kidogo. Ikajitokeza: mchirizi wa ukungu, urefu wake karibu sawa na upana wa mwezi mpevu, katikati umekolea. Nikiukazia macho unafifia, nikiuacha unarudi.

Ni mchirizi kwa kuwa galaksi yenyewe ni kama sahani tunayoiona karibu kwa ubavu. Mwanaastronomia Caroline Herschel aliigundua mwaka 1783 akiwa Uingereza, ambako haipandi zaidi ya digrii 13 hivi kutoka upeo wa macho. Hapa kwetu inafika karibu digrii 68! Anga hili tunalo kila mwaka, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Bibi akatoka. "Mjukuu wangu, hujalala tu?" Nikamletea kiti, nikampa darubini, nikamwelekeza taratibu mpaka akasema, "Hako keupe kama unga?"

"Ndiko hako, bibi." Nikamweleza kwamba nuru ile ilianza safari zaidi ya miaka milioni 11 iliyopita, Kilimanjaro ukiwa bado haujakuwapo. Akageuka kaskazini, uliko mlima gizani, akanyamaza. Kisha akaomba nimwonyeshe tena.