Harvest Ale ya J.W. Lees: usiinywe ikitoka tu kwenye friji

J.W. Lees ni kiwanda cha bia cha Middleton, pembeni mwa jiji la Manchester, kilichoanzishwa mwaka 1828. Tangu 1986 kinapika Harvest Ale mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno: mvinyo wa shayiri wa mtindo wa Kiingereza, kileo asilimia 11.5, na mwaka wa kupikwa umeandikwa kwenye lebo. Ni bia, ya kimea cha shayiri aina ya Maris Otter na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, za aina ya East Kent Goldings. Zabibu haimo hata punje, ingawa ukiinusa utabisha.

Chupa yake ina mililita 275, na udogo huo unadanganya wengi. Humo mna kama mililita 32 za kileo halisi, wakati lager ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Chupa moja igawanywe watu wawili.

Kinachoharibu uonjaji mara nyingi ni baridi. Kwenye nyuzi 4 harufu inajifunga na uchungu wa hopsi unasimama peke yake, mkavu. Ikipita nyuzi 16, kileo kinapanda puani na kufunika mengine yote. Itafute kati ya 10 na 14. Chumba kikiwa na nyuzi 20, itoe kwenye friji uiache kama dakika 40. Ukungu unaoonekana bia ikiwa baridi hutoweka inapopata joto, kwa hiyo usiihukumu mapema. Povu chache pia si kasoro. Kileo kingi hulivunja.

Tumia glasi ya brandi, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na umimine mililita 100 tu. Nusa kwanza. Meza kidogo, tulia, kisha ishike glasi kiganjani ipate joto na urudie. Funda la tatu ndilo la kuandikia maoni. La kwanza ulimi bado unashangaa utamu.

Utamu huo unatokana na wingi wa kimea. Kwa desturi bia za namna hii hupikwa kwa mchujo wa kwanza wa kimea, ulio mzito kama tui la kwanza. Kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000, sukari huongeza), mtindo huu huanzia 1.080 hadi 1.120 kabla ya kuchachuka na kuishia 1.018 hadi 1.030, kwa hiyo sukari inayobaki ni nyingi hata kazi ikienda sawa. Hamira ikichoka njiani, kwa kuwa ilitiwa kidogo au ilikosa oksijeni mwanzoni, unabaki na sharubati inayoganda mdomoni. Joto likizidi siku za kwanza za kuchachuka, huzaliwa vileo vizito vinavyonuka spiriti. Kipimo changu ni hiki: bia nzuri ya aina hii inapasha kifua, inayochoma koo ilipikwa vibaya, na kuihifadhi miaka kumi hakutaiokoa sana.

Ukipata matoleo ya miaka miwili tofauti, anza na jipya, kisha maji, kisha la zamani. Jipya lina mkate, asali na maganda ya chungwa, na uchungu ulio wazi. Baada ya miaka mitano hivi uchungu hulegea, zinakuja tofi, tende, zabibu kavu na harufu ya sheri, mvinyo wa Kihispania ulioongezwa kileo. Hiyo sheri ni kazi ya oksijeni, na ndiyo inayotafutwa. Oksijeni hiyohiyo ikizidi inaleta harufu ya boksi lililoloa, kisha ya sosi ya soya. Chupa ikifika hapo, imwagie nyama ya kuchemsha.

Joto huharakisha yote hayo. Isimamishe wima, gizani, penye nyuzi 10 hadi 13 zisizopandapanda. Ukiichukua kwenda nayo Dar es Salaam au Mombasa, kabati la jikoni si mahali pake. Bora friji, izeeke polepole.

Pembeni weka jibini ya Stilton, au korosho za kukaanga zenye chumvi. Keki hapana, utamu juu ya utamu. Ikibaki nusu, funga kizibo vizuri na uirudishe kwenye friji: kesho yake gesi itakuwa imepungua, lakini ladha bado ipo.