Mwanangu, sisahau

Jumapili, usiku

Leo nimeumwaga mfuko mzima wa dawa za Mama mezani nikazihesabu. Aina 9. Mbili za presha, moja ya kupunguza maji mwilini, mbili za sukari, moja ya mafuta kwenye damu, aspirini, matone ya macho, na ile ya goti ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Hiyo alipewa na jirani.

Nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Juzi kliniki presha ilisoma 168/94, na mimi nilishaamua moyoni kwamba anasahau dawa. Nikaja na kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, nikaanza kumpangia vidonge kana kwamba nampangia mtoto madaftari ya shule. Akaniacha nimalize. Kisha akanyanyua kichupa kimoja: shingoni kimefungwa uzi. Fundo moja ni cha asubuhi, mafundo mawili ni cha jioni baada ya kula. Macho yake hayayawezi tena yale maandishi madogo, basi anasoma kwa vidole.

"Mwanangu, sisahau. Naacha."

Anayoiacha ni dawa ya maji, tena siku za kliniki tu. Akiinywa asubuhi, haziishi saa mbili atakuwa amekwenda chooni mara nne. Safari ni ndefu, foleni ni ndefu zaidi, na choo kiko juu ya ngazi ambazo goti lake halizitaki. Kwa hiyo siku anayopimwa presha ndiyo siku ambayo hajanywa dawa. Daktari anaiona namba kubwa, anaongeza kidonge. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Tukaja kwenye ile ya goti. Ni diklofenaki. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, hivyo presha hupanda. Na mtu mzima anayetumia dawa za presha na ya maji akizichanganya nazo, figo ndizo zinazoumia. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akasema bila hiyo hawezi kutembea, na daktari wa sukari kamwambia atembee kila siku. "Sasa nimsikilize nani?"

Sikuwa na jibu. Wa macho ana faili lake, wa sukari ana lake, wa presha vivyo hivyo, na kila mmoja anafanya kazi yake sawasawa. Lakini hakuna aliyewahi kuiona meza hii. Anayezijua zote 9 na jinsi zinavyogombana ni bibi wa miaka 74 mwenye uzi na sindano, na hakuna anayemuuliza. Hata mimi sikumuuliza, nilimletea kisanduku.

Tumekubaliana kesho tuubebe mfuko wote hadi kwa mfamasia, dawa zenyewe, siyo karatasi. Atauliza kama siku za kliniki anaweza kuinywa dawa ya maji akisharudi nyumbani. Mimi nitauliza kuhusu goti: parasetamoli, dawa ya kuchua, mazoezi, chochote kisichogusa figo. Na kliniki ijayo lazima aseme kwamba ile namba ilikuwa ya siku asiyonywa dawa. Hilo hakulipenda. Anaogopa kugombezwa.

Kisanduku alikipokea kwa shukrani. Nimepita chumbani kwake sasa hivi, nimekikuta kando ya kitanda: kila chumba na uzi wa rangi yake.