Si Mgeni huyo

Jana usiku mita ya umeme ililia na hakuna aliyeinuka. Mimi nachambua mchele, babake binti yangu kajinyoosha kwenye busati, na sote wawili tukasema kwa pamoja, "Si Mgeni huyo." Tukacheka. Baada ya isha, giza, na samaki wangu wamejaa kwenye friza.

Binti yangu akauliza humo humo gizani: "Mgeni ni nani?"

Hakumkuta. Alikuwa tumboni mwaka 2017, Mgeni alipoondoka. Babake akamwambia ni ndege. "Ndege gani analia kama mita?"

Haya basi.

Wale wa ghorofa ya tatu walihama usiku, kwa mambo yao na mwenye nyumba. Waliacha kochi bovu, mtungi mtupu wa gesi, na kasuku. Yule wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Bawabu alimgundua siku ya nne au ya tano, na kilichomfanya afungue mlango ni kwamba alisikia mita ikilia ndani ya nyumba isiyo na umeme. Tii, tii, tii. Akaja kwetu na tundu mkononi, amelishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba jini. Kifua cha ndege kilikuwa kitupu, kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Alikuwa amejing'oa manyoya mwenyewe. Chini ya tundu hakukuwa na kitu ila maganda ya alizeti.

Nikasema atakaa siku mbili tu, na jina likatoka hapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miaka miwili na jembe hakuligusa.

Sitayasimulia yote. Daktari wa kwanza tuliyempigia alitwambia yeye ni wa ng'ombe na mbuzi. Wa pili akatuelekeza: alizeti ni mafuta matupu, mpeni karoti, sukuma wiki, pilipili akitaka. Pilipili! Alikuwa akizitafuna zile za mbuzi kama peremende, kumbe ndege hausikii ule ukali. Avokado marufuku, ni sumu kwake. Na kikaango kile kisichoshika chakula kitoke, maana kikiungua kwa moto mkali, moshi wake unamuua ndege. Kikaango kilikuwa zawadi ya mama mkwe. Mnamjua. Hakusema kitu, alikifunga kwenye gazeti akarudi nacho kwake.

Na hiyo mita. Alfajiri, adhuhuri, tukiwa na wageni. Wiki ya kwanza babake alinunua tokeni mara tatu, tukawa na umeme wa kuwasha uwanja wa mpira. Mwisho tukajizoesha: ikilia, tunakaa tuli.

Usiku ninaousema, ililia ile ya kweli. Tulikaa tuli. Umeme ukazimika, na papo hapo nikasikia tundu likipigwa kutoka ndani, mabawa kwenye vyuma, kama mtu anatikisa droo ya vijiko. Babake akawasha tochi ya simu. Kulikuwa na damu ukutani. Matone madogo, mengi, hadi kwenye kalenda.

Alikuwa ameanza kuota manyoya mapya, nasi tulikuwa tukifurahi. Nilikuwa sijui kwamba unyoya mchanga wa ndege una damu ndani, kama mrija wa kalamu uliojaa wino mwekundu, na ukivunjika damu inamwagika. Ulikuwa umevunjika mmoja wa bawa la kushoto. Nikavua leso niliyojifunga, nikamtupia, nikamtoa. Aliniuma kidole gumba, alama ninayo hadi leo. Babake ana simu mbili, moja inamulika na nyingine ina daktari, naye daktari anapiga kelele: "Msimbane kifua! Akibanwa kifua hapumui!" Sasa utamshikaje kitu kinachopigana nawe bila kukibana? Nilimshika kama ninavyoshika donge la chapati likiwa laini mno, na unga wenyewe wa chapati ndio tulioukandika kwenye ule mrija, tukagandamiza, tukahesabu. Unga ukawa uji mwekundu. Tukaongeza mwingine. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata huwezi kutenga pigo na pigo, ni mtetemo tu, kama simu iliyozimwa sauti.

Damu ilipoacha nilibaki nimekaa sakafuni, yeye ndani ya leso, kichwa chini ya kwapa langu. Nikadhani kalala. Halafu nikasikia humo kwapani, taratibu kabisa, tii. Kimya. Tii.

Nilikaa naye hadi adhana ya alfajiri.

Ningependa kusema tulimtoa kwa ajili ya sheria. Sababu za sheria zilikuwepo: mwaka 2016 nchi zilikutana Johannesburg zikapiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, watu wakaanza kuulizana vibali, na ukweli ni kwamba sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ilitaka kibali tangu siku ile bawabu alipobisha hodi. Lakini mimba ilikuwa changa, harufu ya tundu ikinitapisha, na nilikuwa nimechoka kusafisha. Kasuku anaweza kuishi miaka hamsini. Nilipiga hesabu nikaogopa. Wakaja watu wa kituo kimoja chenye kasuku wenzake, wakamchukua na gari.

Baada ya mwezi kijana wa pale akanipigia. "Mama, huyu ndege wenu analia tii tii tii, hasa usiku. Ni kifua?"

Nikamwambia si kifua, ni mita. Akacheka. Nikamwambia, "Akilia hivyo, inuka uende." Akacheka tena, akasema sawa, mama. Hakupiga tena, nami sikumpigia.

"Kwa hiyo walikuwa wanaenda?" binti yangu akauliza.

Ujumbe wa tokeni ukaingia. Babake akaanza kunisomea tarakimu ishirini, nne nne, nami nazibonyeza kwa kidole hiki hiki. Nilikosea mara mbili.