Siku moja wodi ya figo: mimi, jagi na mpira wa mkojo

Saa 12:40 asubuhi. Nafika mapema na kalamu mbili, maana moja lazima itaondoka na daktari. Niko mwaka wa tatu wa uuguzi, wiki ya pili wodi ya figo. Nilikuja nikidhani kazi hapa ni mashine. Kumbe ni mizani, jagi la kupimia na chati.

Saa 1:00. Makabidhiano ya zamu. Namba 4, mama ambaye figo zake zimeharibiwa na kisukari, leo ni siku yake ya kusafishwa damu. Namba 6, mzee wa tezi dume, aliletwa jana mkojo umeziba kabisa, sasa ana katheta, yaani mpira wa kutoa mkojo kwenye kibofu. Namba 9, kijana aliyevimba uso na miguu, mkojo wake una povu. Mzee wa namba 6 apimwe mkojo kila saa, kwa sababu figo zikizibuliwa zinaweza kumwaga maji kupita kiasi. Hilo niliandika na kulipigia mstari. Mtaona mstari ulinisaidia nini.

Saa 1:30. Uzito, kabla mtu hajala, mizani ile ile, nguo nyepesi. Kilo moja iliyoongezeka kwa usiku mmoja si unene, ni takriban lita moja ya maji. Kijana wa namba 9 kapungua nusu kilo, akafurahi kama kafaulu mtihani. Nikambonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, nikaachia. Shimo likabaki pale, likajaa taratibu sana. Vichujio vya figo zake vinavujisha protini zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, na bila albumini ya kutosha, protini ya damu inayoshikilia maji, maji hayatulii ndani ya mishipa. Darasani ilikuwa sentensi moja. Leo nimeiona chini ya kidole changu.

Saa 3:00. Dawa. Sina la kusimulia, ila zinakula muda kuliko unavyodhani.

Saa 4:10. Nafika namba 6, mfuko wa mkojo mkavu. Saa 2 nilipita nikaona matone, saa 3 nilikuwa kwenye dawa. Mzee ana kilo 60. Kwa hesabu ya nusu mililita kwa kila kilo, alipaswa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Nikamkimbilia sista wa zamu.

"Sista, namba 6 figo zimegoma!"

"Umemgusa tumbo?"

"Bado."

"Umefuata mpira?"

Nikanyamaza. Akaja, akafunua shuka. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja la mzee, umebanwa bapa. Aliponyoosha tu, mkojo ukashuka kwa kasi, mfuko ukasoma mililita 450. Mzee akashusha pumzi ndefu, akanitazama.

"Binti, si nilikwambia tumbo linabana? Ukasema unakuja."

Ni kweli alisema. Ni kweli nilisema nakuja.

Sista hakufoka, na afadhali angefoka. Alinieleza huku akisogeza mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Mkojo ukikosekana, tatizo linaweza kuwa kabla ya figo, pale damu haifiki kwa sababu mtu amepungukiwa maji au amevuja damu. Linaweza kuwa ndani ya figo zenyewe. Linaweza kuwa baada ya figo, njia ikiziba. Wewe uliye na mikono, anzia mwisho, kwenye mpira. Figo utaziwaza ukishamaliza kilicho mbele ya macho yako.

Saa 5:00. Chumba cha mashine. Mama wa namba 4 ananipa mkono wenye fistula, mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, kabla sijaomba. Naweka kiganja juu: inatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Ikitulia kimya, huenda imeziba, na hapo unaita mtu mara moja. Mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu, hata uwe na haraka kiasi gani. Mashine itamshika kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki. Nikamsimulia kwamba Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alitengeneza mojawapo ya mashine za kwanza za kusafisha damu wakati wa vita, 1943, kwa selofeni ya kutengenezea soseji. Akasema basi na yeye ni soseji ya thamani.

Saa 8:00. Maabara wanapiga simu: mgonjwa mpya, potasiamu 6.9, juu kiasi cha kuhatarisha moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mawimbi ya T marefu, yamechongoka. Daktari anaagiza kalisiamu glukonati, kisha insulini pamoja na glukosi. Sista ananiuliza, kalisiamu inashusha potasiamu? Nikajibu ndiyo. Siyo: inaukinga moyo tu, insulini ndiyo inayoisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kumpima sukari, isije ikashuka kimyakimya. Safari hii sikuruka hata kipimo kimoja.

Saa 9:30. Nimekabidhi zamu, maji yaliyoingia na yaliyotoka kwa wagonjwa, pamoja na ule mpira uliokunjika, umeandikwa kwenye chati kwa jina langu. Nikapita namba 6, nikaupitisha mpira kwenye vidole, kutoka pajani hadi kwenye mfuko.

"Haujakunjika," mzee akasema akiwa amefumba macho. "Nimeshauangalia mwenyewe."

Nikaufuata tena hivyo hivyo.