Siku moja maishani mwangu: bolti ya Mjimwema

Mimi ni fundi magari wa kumfuata mteja nyumbani. Sina gereji wala kibao barabarani, na watu wengi wakisikia hivyo wanajua wamepata tapeli. Naandika siku hii ya kubadilisha springi za mbele za Toyota Ist kule Kigamboni ili mtu aone jasho linakwenda wapi.

Saa 11 alfajiri. Naamka Tandika, naswali, nakagua vifaa: jeki, stendi mbili, soketi, vibanio vya springi, brashi ya waya, nyundo, grainda ndogo, msumeno wa chuma na bomba la kurefushia mpini wa spana. Stendi ni nzito na wenye bajaji huzilalamikia, lakini gari lililoshikwa na jeki peke yake siingii chini yake, hata mteja awe na haraka ya namna gani.

Saa 2 asubuhi. Niko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua spea. Springi mbili, linki mbili za stabilaiza (vile vyuma vifupi vinavyounganisha shokapu na fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), bolti na nati mpya. Kabla sijalipa mteja akapiga simu.

"Fundi, chukua springi moja tu. Ya kulia haijakatika."

Nikamweleza kwamba zote mbili zimebeba gari miaka ileile na kupita mashimo yaleyale. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litakaa upande, na ile ya zamani haitachelewa kukatika nayo, halafu utanilipa mara mbili. Akakubali shingo upande.

Pantoni, foleni, jua. Saa 4 tuko Mjimwema, hukohuko Kigamboni, mimi na kijana ninayemfundisha kazi.

"Shikamoo mama," nikamsalimu mama yake mteja aliyekuwa barazani.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Hilo gari likikata kona linagonga mpaka ndani tunasikia."

Alikuwa sahihi kabisa. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika kwenye duara la chini, pale inapokaa juu ya sahani ya shokapu. Ndipo zinapokatikia nyingi. Mchanga na maji hukaa pale, rangi inakwanguka, kutu inaanza kula chuma kidogo kidogo mpaka siku gari linaingia shimo. Na kutu ya huku ni ya peke yake. Magari haya mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na yale yaliyokaa kaskazini, Hokkaido, yamepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Yakifika kwetu yanawekwa kwenye upepo wa bahari.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana nilipiga brashi ya waya kwenye meno ya kila bolti, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha yanyonye. Mteja alisimama juu yetu. "Mmekaa tu?" Mafuta yanahitaji muda kupenya. Fundi asiyesubiri ndiye anayekata vichwa vya bolti.

Upande wa kulia ulikwisha kabla ya saa 7. Hapo cha kueleza ni springi yenyewe tu, kwa sababu inaumiza watu. Springi ikiwa kwenye shokapu imebanwa muda wote, na nati ya katikati juu ndiyo inayoizuia isiruke. Usiifungue hiyo kwanza. Weka vibanio viwili, kimoja mkabala wa kingine, kaza huku mizunguko michache, kisha kule, mpaka springi icheze kwenye sahani zake. Kichwa chako kisiwe kwenye njia yake. Kijana wangu alitaka kuinama aone vizuri, nikamvuta shati.

Halafu kushoto.

Nati ya linki ikaanza kuzunguka na msumari wake. Tundu la kuingiza ufunguo wa L kwenye ncha lilikuwa limeliwa na kutu, halishiki. Vaisigripu, lile koleo la kung'ang'ania, ikateleza. Linki ni mpya tunayo, basi nikasema tuikate. Nikachomeka grainda, ikazunguka kidogo tu, umeme ukakatika mtaa mzima. Tukaikata kwa msumeno wa mkono, kwa zamu, mikono imekunjwa kati ya diski na shokapu, jasho linaingia machoni.

Baada ya linki zikabaki bolti mbili zinazofunga shokapu kwenye kile chuma kizito kinachobeba gurudumu. Ya juu ilitoka. Ya chini nati yake ilifunguka kwa bomba refu, na hapo ndipo mteja aliposema, "Afadhali, tumemaliza." Hatukuwa tumeanza. Nati imefunguka, lakini mwili wa bolti umeshikana na tundu kwa kutu, haugeuki wala hauchomoki.

Akanionyesha simu. Mzungu mmoja, gari juu ya mashine, springi zote mbili kwa dakika 20. "Huyu mbona anaweza?" Ile video imekatwa, na gari lile linang'aa mpaka chini.

"Kata kama ulivyokata ile nyingine."

Bolti ukiikata vichwa, kipande cha katikati kinabaki ndani ya tundu, na tatizo lako linakuwa kubwa zaidi. "Basi choma moto." Pembeni pana paipu ya mpira ya breki, na shokapu yenyewe ina mafuta na gesi ndani. Moto hapo siwashi. "Basi igonge kwa nguvu." Ukigonga meno yakiwa wazi yanapondeka na bolti inatanuka, haitoki tena.

Nikairudisha nati mpaka ikalingana na ncha, iyakinge meno. Nikaweka kipande cha mbao ngumu juu yake na kugonga. Kisha soketi kwenye kichwa cha bolti, ile ya pembe sita inayoshika vizuri, nakaza kidogo badala ya kufungua. Kukaza, kulegeza. Mafuta. Kugonga. Kukaza, kulegeza. Wakati fulani mama alituletea wali na samaki, tukala kwa zamu. Adhana ya alasiri ilinikuta nimelala ubavu kwenye mchanga, bega halinyanyuki, mteja ameshaingia ndani. Kijana akaniuliza kama tutalala huku. Nikampa mpini.

Ni yeye aliyeisikia kwanza, mlio mwembamba wa chuma kikisagana. Vumbi jekundu likatoka pembeni ya tundu. Bolti ilikuwa imegeuka kiasi cha unene wa kucha. Kutoka hapo ni subira tu: mbele, nyuma, mafuta, mpaka ikachomoka nzima. Nilipiga kelele za furaha, mama akatoka kuangalia kulikoni.

Kurudisha kulikuwa haraka. Nikasugua tundu kwa msasa, nikapaka grisi mwilini mwa bolti mpya, si kwenye meno, nikaikalisha ncha ya springi kwenye kituo chake.

Giza lilikuwa limeingia tulipolijaribu gari. Kimya kona zote. Mteja akauliza kama nitapunguza chochote kwenye 50,000 za ufundi, "maana ni bolti moja tu iliyowachelewesha." Nikamwambia hapana, kwa adabu, na sikuongeza neno. Akalipa. Nikamwandikia kwenye karatasi: alaimenti (kupanga tairi zikae sawa) wiki hii, kwa sababu zile bolti mbili ndizo zinazoshika mlalo wa tairi, ukipuuza tairi litalika upande mmoja. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Ile bolti ya zamani nimeichukua. Ina kutu unene wa karatasi ngumu kuzunguka mwili wote. Mteja anayefuata nitamwekea mkononi kabla hatujapatana bei.