Funguo tulizikabidhi Ijumaa

Nyumba ya Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuliihama siku ya Ijumaa, baada ya sala. Nyumba ya Serikali, ghorofa tatu, uso wake umeelekea bahari, na mle ndani tulikuwa familia nane. Sisi tulikaa miaka 31. Barua ilisema nyumba ina hatari, tutoke kwa usalama wetu, na hilo silipingi: ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umeshafanya tumbo, mama alikuwa halali tena chumba kile. Kijana aliyetumwa kupokea funguo alizifunga zote kwa uzi mmoja, akatia kufuli mlango mkubwa. Nikamwambia mlango wa nyuma, ule wa kichochoroni, una komeo tu, na komeo lenyewe bovu. Akanijibu, "Usijali, dada, watakuja wahusika."

Mimi ni mshoni, na wateja wangu wengi wako huko huko Malindi, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa napita pale. Ndiyo maana naweza kusimulia nyumba ile ilivyokwenda, hatua kwa hatua. Watu husema nyumba za Mji Mkongwe zinakufa kwa uzee. Yetu sikuiona ikifa kwa uzee.

Wezi walianza na nyaya za umeme, kwa sababu ya shaba. Kisha mabomba. Maji yalikuwa hayakufungwa kwenye mita, basi walipokata bomba la ghorofa ya pili maji yakamwagika siku kadhaa bila mtu kujua, yakinyweka ukutani. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Zikilowa kwa ndani zinakuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Jumamosi ile nilikuta maji yanatiririka chini ya mlango hadi barabarani, na watoto wanayachezea.

Baada ya hapo yakaondoka mabati, sita, upande wa kusi. Ukiyatazama kwa bei ni kitu kidogo. Lakini chini ya mabati kuna boriti za mikoko, na boriti ndizo zinazoshika ukuta mmoja na mwenzake. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo, upana wake ni urefu wa boriti. Mvua ikiingia, kinachooza mwanzo ni kichwa cha boriti kilichozama ukutani, mahali ambapo huwezi kukiona. Masika ilipokwisha, dari ya chumba alichozaliwa mdogo wangu ilikuwa imeshalala sakafuni.

Mlango ndio ulioniliza. Misumari ya shaba ilichomolewa mmoja mmoja, ikabaki safu ya matundu yenye mbao mpya ndani, nyeupe, kama fizi za mtu aliyeng'olewa meno. Siku nyingine nikakuta mfaa wenyewe haupo. Ule mti wa katikati ulikuwa na nakshi ya mnyororo kutoka juu hadi chini, mama akiupaka mafuta ya nazi kila mwisho wa Shaaban. Bila mfaa, mbao mbili za mlango hazina pa kukutania. Kufuli lilikuwa bado linaning'inia kwenye mnyororo wake, limefungwa vizuri kabisa.

Nikaenda kukaa barazani kwa mzee wa kahawa. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii haikuibiwa usiku. Imeibiwa saa nne asubuhi, na mimi nikiwaona." Walikuja na rikwama, wamevaa glavu, na mmoja ameshika karatasi. Yeye alidhani ndio mafundi waliotumwa, hata kahawa akawapa. Alipokuwa akinieleza mkono wake ulitetemeka, kikombe kikagonga kisahani. Tangu siku ile sijaacha kulifikiri jambo hili: mtaa mzima ulikuwa macho, na hapana aliyejua nani ana haki ya kuingia na nani hana.

Vijana waliokuwa wakilala mle siwalaumu sana, ingawa waliwasha mkaa juu ya sakafu ya mbao na siku moja ulikaribia kuwaka mtaa. Waliokata bomba na kubeba mfaa ni watu wanaojua bei.

Nyumba za namna hii ni nyingi, maana baada ya 1964 majumba mengi ya mjini yaliingia mikononi mwa Serikali na yakajazwa wapangaji. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Na tumeshaona kuwa nyumba iliyochakaa inaweza kurudi: ile Dispensari Kongwe ya Mizingani, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan 1887, ilifika kuwa gofu kabla ya taasisi ya Aga Khan kuitengeneza katika miaka ya 1990, na leo roshani zake zinapigwa picha kutwa. Tumeona pia Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, sehemu yake kubwa ikianguka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nyumba iliyo mikononi mwa mafundi ilianguka. Hii yetu isiyo na mtu ningeitegemea nini?

Sasa nyumba ya tatu kutoka yetu nayo wapangaji wamepewa barua, wanatoka mwisho wa mwezi. Safari hii nimekwenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali hapa mtaani, kabla ya funguo kukusanywa. Nimemwomba siku ya kuhama maji yafungwe kwenye mita na umeme ukatwe kwenye nguzo. Mlango wa nyuma uzibwe kwa matofali. Madirisha yapigwe mbao, lakini ziachiwe nafasi, kwani chokaa isipopata upepo inaoza. Wapo wanaotaka milango ing'olewe ikawekwe ghalani. Mimi siafiki, nyumba iliyong'olewa mlango imeshafunguliwa. Ipigwe picha, kila nakshi, na picha zibaki kwa sheha.

Lililo kubwa kwangu ni kibao ukutani, chenye jina la msimamizi na namba ya simu, kiandikwe kuwa hakuna fundi anayeingia bila yeye. Mzee wa kahawa angekuwa nacho, angeuliza. Na msimamizi awe mmoja wa hao hao wanaohama, alipwe kila mwezi, apewe kibanda na taa upande wa pili wa njia kama ndani hapakaliki. Yupo baba mmoja, aliyekuwa baharia, ameshakubali. Anajua kila bati la paa lile kwa sababu ndiye aliyekuwa akilipanda kusafisha mifereji kabla ya masika.

Sheha amenisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lete kwa maandishi, bibi, na yeye aje." Maombi nimeshayaandika. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote wawili, na mzee wa kahawa amesema atafunga baraza atufuate.